Amani ya Mtu Mmoja: Somalia Inavyoufundisha Uwanda wa Ruzizi

Juma moja la mwaka 1960 lilileta uhuru katika pande mbili za Afrika. Tarehe 26 Juni Waingereza waliiachia Somaliland. Tarehe 30 Juni Kongo ikapata uhuru wake. Siku iliyofuata, 1 Julai, ikawa zamu ya Somalia iliyokuwa chini ya Waitaliano, na Wasomali wa kaskazini na wa kusini wakaungana kuwa jamhuri moja. Kongo ni nchi ya Wakristo wengi. Somalia karibu wote ni Waislamu.

Katika uwanda wa Ruzizi, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara ya Uvira kwenda Bukavu, kuanzia Sange hadi Bwegera na Luvungi, bado kuna wazee wanaosema kwamba wakati wa utawala wa Rais Mobutu watu walilala usingizi. Wengine huongeza kwamba mataifa ya Kiislamu hasa hayawezi kutawaliwa kwa kura, yanahitaji mkono wa chuma. Historia ya Wasomali inajibu kauli zote mbili.

Somalia ilianza vizuri. Mwaka 1967 Rais Aden Abdulle Osman alishindwa na Abdirashid Ali Sharmarke katika kura ya bunge, akakubali, akaondoka madarakani kwa amani. Katika Afrika ya miaka hiyo lilikuwa jambo la nadra mno. Lakini demokrasia hiyo ilikuwa na ugonjwa wake. Katika uchaguzi wa Machi 1969 vyama zaidi ya 60 viligombea viti 123, kila ukoo ukijitafutia mtu wake, na baada ya matokeo karibu wabunge wote wakakimbilia chama tawala kutafuta vyeo. Wananchi walichoka. Oktoba 1969 Sharmarke aliuawa na mlinzi, na siku sita baadaye, tarehe 21, Jenerali Siad Barre akachukua nchi. Waziri Mkuu Mohamed Ibrahim Egal akatiwa gerezani, ambako alikaa miaka mingi.

Wakongomani wanaijua hadithi hiyo. Bunge lililochaguliwa Mei 1960 halikumaliza hata mwaka bila kusimamishwa, Waziri Mkuu Lumumba aliuawa Januari 1961, na mwaka 1964 uasi uliwaka katika uwanda huu wa Ruzizi hadi Uvira ikaanguka. Mobutu alijijengea jina katika mapigano ya Kamanyola mwaka huo, baadaye akakipa kikosi cha jeshi na meli yake mwenyewe jina la Kamanyola. Tarehe 24 Novemba 1965 alitwaa mamlaka akiahidi utulivu.

Watawala hao wawili walitoa kitu, na ni haki kukitaja. Barre aliipa lugha ya Kisomali maandishi rasmi mwaka 1972 na kupeleka wanafunzi vijijini kufundisha watu kusoma. Mobutu alizima uasi mwingi na kuwafanya watu wa makabila mengi wajione raia wa nchi moja. Bei yake ilikuja baadaye. Kongo, aliyoiita Zaire, ikawa na chama kimoja, MPR, na kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Mogadishu, Januari 1975, mashehe 10 waliuawa kwa sababu ya kuipinga hadharani sheria mpya ya familia. Barre alipiga marufuku ukabila mbele ya watu, huku akitawala kwa kutegemea koo za ndugu zake. Majenerali wa Mobutu nao walijazwa kutoka eneo lake la Équateur. Wote wawili waliishi kwa misaada ya vita baridi: Barre kwa Wasovieti, kisha kwa Wamarekani baada ya vita vya Ogaden vya 1977, Mobutu kwa Marekani, Ubelgiji na Ufaransa. Misaada ilipokauka, hapakuwa na bunge, mahakama wala chama chenye nguvu ya kupokea nchi. Vyote vilikuwa vimevunjwa ili mtu mmoja asimame.

Mwaka 1988 ndege za Barre ziliushambulia Hargeisa, mji wa raia wake mwenyewe, zikiruka kutoka uwanja wa ndege wa mji huohuo. Januari 1991 alikimbia Mogadishu, na dola ikatoweka pamoja naye. Kwetu, Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi waliuawa katika hospitali ya Lemera, milimani juu ya uwanda. Katika mwezi huohuo Uvira ilianguka, na askari wa Mobutu wakakimbia huku wakipora. Mei 1997 yeye mwenyewe aliondoka. Utulivu wa miaka 32 ulikuwa deni, na waliolilipa ni watoto waliozaliwa baadaye.

Dini, basi, haikuwa sababu. Zaire ya Wakristo na Somalia ya Waislamu zilifika shimo lilelile kwa njia ileile. Ushahidi mkubwa zaidi uko kaskazini mwa Somalia, ambako Waislamu walewale, wenye lugha ileile na mfumo uleule wa koo, walishika njia nyingine.

Mei 1991 Somaliland ilijitangaza huru, ingawa Umoja wa Mataifa hauitambui hadi leo. Mwaka uliofuata wapiganaji wake waligeuziana bunduki. Wazee wa koo hawakungoja wafadhili. Mwanzoni mwa 1993 walikusanyika katika mji wa Borama, wakakaa karibu miezi minne, kwa sehemu kubwa wakilishwa na wenyeji na kuchangiwa na jamii zao. Walizungumza kwanza habari za mifugo, barabara, silaha na damu iliyomwagika, ndipo wakagusa suala la nani atawale. Wakamchagua kuwa rais Egal, yule waziri mkuu aliyetiwa gerezani mwaka 1969. Baraza la wazee, Guurti, likawekwa ndani ya dola.

Mtihani ulikuja baadaye. Egal alifariki Mei 2002, na makamu wake, Dahir Rayale Kahin, mtu wa ukoo mwingine na ofisa wa zamani wa usalama wa Barre, akaapishwa kama katiba ilivyoagiza. Aprili 2003 alitangazwa mshindi wa uchaguzi kwa tofauti ya kura 80 tu, katika kura zinazokaribia nusu milioni. Mpinzani wake, Ahmed Silanyo, alikuwa kiongozi wa zamani wa wapiganaji, na angeweza kurudi msituni. Alienda mahakamani, akashindwa, akakubali. Mwaka 2010 alishinda yeye, na Rayale akamkabidhi ofisi. Novemba 2024 mgombea wa upinzani alishinda tena.

Somaliland ina makosa yake. Chaguzi zimeahirishwa mara kwa mara, na mwaka 2023 jeshi lake lilipigana vita vikali na watu wa mji wa Las Anod, likafukuzwa. Hilo nalo ni funzo: waliojiona wameachwa nje ya mapatano hawakulindwa na kura za wengine.

Kongo ilifuata njia ya mazungumzo ya Sun City, Afrika Kusini. Mkataba wa Desemba 2002 uligawa vyeo hasa kwa wenye bunduki, rais mmoja na makamu wanne, na wanakijiji hawakukaa mezani. Ndiyo, tulipata Katiba ya 2006, na kifungu cha 220 kinachokataza kubadilisha idadi ya mihula ya rais. Lakini mgogoro wa uchifu kati ya Bafuliiru na Barundi uliendelea kuwaka, na Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule, katika uwanda huuhuu.

Ndugu wasomaji wa uwanda, msidanganywe na kumbukumbu ya usingizi wa zamani. Mlililie baraza la wazee wa Bafuliiru, Barundi, Banyamulenge na Bavira, likae hapahapa, lizungumze mashamba, ng'ombe na damu kabla ya vyeo. Na atakayekuja kugusa kifungu cha 220 kwa jina la utulivu, aulizwe ni nani atakayelipa akiondoka.