Ugonjwa wa sukari na mafuta yanayoharibika mwilini

Mafuta ya mawese yakiachwa wazi siku nyingi hubadilika harufu, na kila mama wa Goma anajua. Oksijeni ya hewani imeyashambulia. Jambo linalofanana na hilo hutokea ndani ya mwili wa mwenye ugonjwa wa sukari.

Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, seli hutoa chembe kali za oksijeni kuliko mwili unavyoweza kuzima. Wataalamu huita hali hiyo mkazo wa oksidesheni. Chembe hizo hushambulia mafuta yanayozunguka kila seli, na mafuta yaliyoharibika huharibu ya jirani. Ni mojawapo ya mambo yanayoumiza mishipa ya macho, figo na miguu.

Mabaki ya uharibifu huo hupimwa. Yanayojulikana zaidi ni malondialdehidi, ambayo katika maabara hutoa rangi ya waridi, ingawa kipimo hicho hukamata na vitu vingine. Aisoprosteni, zilizoelezwa mwaka 1990 na Morrow na Roberts huko Marekani, hutoa jibu la hakika zaidi. Hivi ni vipimo vya watafiti; usivitafute Goma. Kwenye kituo cha afya omba kipimo cha sukari, na ikiwezekana hemoglobini A1c, inayoonyesha hali ya miezi 2 hadi 3.

Hapa ndipo wauzaji wa vidonge vya "kusafisha damu" hupata mlango, wengine hadi uani mwa kanisa baada ya ibada. Wanasema vitamini huzima chembe hizo. Ilijaribiwa. Katika utafiti wa HOPE, uliotolewa mwaka 2000, watu zaidi ya 9,000, zaidi ya theluthi yao wenye kisukari, walifuatiliwa karibu miaka minne na nusu. Vitamini E haikupunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Lakini utafiti wa DCCT wa mwaka 1993, kwa wagonjwa wa aina ya 1, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari vizuri kwa insulini hupunguza hatari ya kuanza kuugua macho kwa asilimia 76.

Lengalenga, maharagwe na sambaza tule, ni chakula kizuri. Ila mgonjwa wa aina ya 1 akiacha insulini, iwe kwa vidonge au kwa sababu ameombewa, anaweza kufa katika siku chache. Na umeme ukikatika, chupa iliyokwisha kufunguliwa hudumu kama wiki nne bila friji, mbali na jua na moto.