Filamu zinazoiuliza serikali: njama zipi zilikuwa kweli, zipi zilikuwa uvumi?

GOMA. Mwezi wa tisa mwaka 2015, serikali ya Kinshasa ilipiga marufuku filamu moja kuonyeshwa katika nchi nzima. Filamu hiyo, "L'Homme qui répare les femmes", ilitengenezwa na Mbelgiji Thierry Michel pamoja na mwandishi wa habari Colette Braeckman. Inaeleza kazi ya daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, na maisha ya wanawake aliowatibu baada ya kubakwa vitani. Lambert Mende, aliyekuwa waziri wa habari na msemaji wa serikali, alisema filamu inachafua jina la jeshi. Serikali ililalamika pia kwamba maneno ya wanawake hao, waliyoyasema kwa Kiswahili na Kimashi, yalitafsiriwa vibaya katika maandishi ya Kifaransa.

Lawama hiyo iliwashangaza watu wa Kivu, kwa sababu ugomvi ulikuwa juu ya lugha yao wenyewe. Mama wa Bukavu au wa Goma hahitaji mkalimani. Angeketi, angesikiliza, na angejua mwenyewe kama maandishi yanadanganya. Marufuku ilimnyima nafasi hiyo. Mwezi wa kumi mwaka ule ule iliondolewa, na mwaka 2018 Mukwege akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Goma ni mji unaozipenda filamu za namna hii. Kituo cha utamaduni Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo, kimeonyesha filamu na kufundisha vijana wengi kuzitengeneza. Wengine huziona katika vyumba vya video mtaani. Wengi siku hizi huzipata kwenye simu, kwa WhatsApp, zikiwa zimekatwa vipande vya dakika mbili. Nyingi zinadai jambo moja: kuna mkono uliojificha nyuma ya vita vya mashariki mwa Congo, na wakubwa wanaujua. Mtazamaji hutoka na hasira. Kuna anayesema kila kitu ni njama. Kuna pia wenye vyeo wanaosema hakuna njama hata moja. Historia ya nchi hii inaonyesha kwamba pande zote mbili zimewahi kukosea, na makosa hayo yamegharimu maisha ya watu.

Lumumba: njama iliyothibitishwa

Waziri mkuu wa kwanza, Patrice Lumumba, aliuawa Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Karibu mwezi mmoja baadaye, wakubwa wa Katanga walitangaza kwamba alitoroka kifungoni, akauawa na wanakijiji. Wakongomani wengi hawakuamini. Walisema Wabelgiji na Wamarekani wamo ndani. Kwa miaka mingi waliitwa watu wa kuzusha.

Mwaka 1975, kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church ilieleza hadharani kwamba shirika la ujasusi CIA lilipeleka sumu Léopoldville mwaka 1960 ili Lumumba auawe. Mwaka 2001, tume ya bunge la Ubelgiji ilikubali kwamba baadhi ya watu wa serikali ya nchi hiyo na Wabelgiji wengine wana jukumu la kimaadili katika kifo chake. Mwaka 2022, jino lake, mabaki pekee yaliyobaki, lilirudishwa nyumbani.

Raia walikuwa wameona sawa. Lakini hata hapa ukweli unataka uangalifu. Sumu ile haikutumika. Lumumba alipigwa risasi Katanga, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Anayesema CIA ilimuua kwa sumu anachukua jambo la kweli na kulipeleka mahali lisipofika.

Chebeya: swali lililoishia mahakamani

Floribert Chebeya aliongoza shirika la haki za binadamu La Voix des Sans-Voix. Tarehe 1 mwezi wa sita 2010 aliitwa kwenye makao makuu ya polisi Kinshasa, ambako alitarajia kuonana na mkuu wa polisi, jenerali John Numbi. Kesho yake alikutwa amekufa ndani ya gari lake. Vitu vilivyowekwa garini vilitaka watu waamini kwamba alikufa katika mambo ya starehe. Dereva wake, Fidèle Bazana, hakuonekana tena.

Thierry Michel alifuata kesi ya kwanza na kuifanyia filamu, "L'Affaire Chebeya, un crime d'État?". Jina lenyewe linaishia na alama ya kuuliza. Mwezi wa saba 2012 alipofika uwanja wa ndege wa N'djili, alizuiwa kuingia na kurudishwa alikotoka.

Swali halikurudi naye. Mwaka 2021, polisi wawili waliokimbilia nje ya nchi walieleza kwenye redio RFI namna Chebeya na Bazana walivyouawa. Mwezi wa tano 2022, Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu kifo afisa wa polisi Christian Ngoy Kenga Kenga kwa mauaji hayo. Numbi, ambaye alikana kuhusika, alikuwa ameshaondoka nchini. Miaka 12 ilipita kati ya mauaji na hukumu hiyo, na katika miaka hiyo familia na wanaharakati hawakuacha kuuliza.

Ebola: uvumi ulioua

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, ikianzia Mangina karibu na Beni. Wengi walisema ni ugonjwa wa kubuni, wa kutafutia pesa na kuwamaliza watu wa Beni na Butembo. Serikali ikawapa sababu ya kuzidi kushuku. Siku chache kabla ya uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili, Tume ya Uchaguzi CENI iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi mwezi wa tatu 2019, ikitaja Ebola na usalama mdogo. Rais mpya aliapishwa mwezi wa kwanza, kabla watu hao hawajapiga kura.

Hasira yao ilikuwa ya haki. Ila ugonjwa nao ulikuwepo. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 mwezi wa nne 2019, daktari Richard Mouzoko kutoka Cameroun, aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Hadi ugonjwa ulipotangazwa kwisha mwezi wa sita 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Kati yao wamo waliokataa kutibiwa kwa sababu waliamini hakuna cha kutibu.

Wazee husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Butembo imeonyesha mpaka wa methali hiyo. Lililosemwa juu ya kura lilikuwepo. Lililosemwa juu ya ugonjwa halikuwepo.

Goma, tarehe 30 mwezi wa nane 2023

Mji wa Goma una mfano wake. Asubuhi hiyo, wanajeshi wa Walinzi wa Rais waliwafyatulia risasi waumini waliojiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO. Siku ile jeshi lilitaja idadi ndogo ya waliokufa. Lakini picha za simu zilizoonyesha miili ikitupwa ndani ya lori la jeshi zilikuwa zimeshasambaa. Kesho yake serikali ikatangaza wafu 43, na baadaye idadi ikapita 50. Mwezi wa kumi, mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu kifo kanali Mike Mikombe. Hapakuwa na muziki wa kutisha wala msimulizi katika picha zile. Zilionyesha mahali, saa na watu, na hilo lilitosha kubadilisha maelezo ya wakubwa.

Maswali ya kuuliza filamu ikiisha

Mifano hii minne inatoa kipimo kimoja. Je, filamu imetaja majina, tarehe na mahali ambapo mtu mwingine anaweza kwenda kuhakikisha? Imeonyesha karatasi au shahidi aliyekuwepo, au ni sauti tu inayosema "wanatuficha"? Anayelaumiwa amepewa nafasi ya kujibu? Na kipande kilichofika kwenye simu kimekatwa wapi, na nani? Serikali nayo ipimwe kwa maswali hayo hayo. Ikipiga marufuku bila kuonyesha kosa liko dakika gani, imeshindwa kipimo kama mzushi anavyoshindwa.

Kuna maswali ambayo bado hayajapata mahakama. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka tarehe 1 mwezi wa kumi 2010 ilihesabu matukio makubwa 617 ya uhalifu nchini Congo kati ya 1993 na 2003. Majina ya washukiwa hayajatangazwa.

Familia zilizopitia kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Rusayo zina ushahidi ambao hakuna filamu inayoweza kuutunga: siku waliyokimbia, kijiji walichokiacha, jina la aliyekufa na nani alikuwepo. Si lazima kuusema leo, wala mbele ya kila mtu, kwa sababu usalama wa familia unakuja kwanza. Inafaa kuutunza kama ulivyo, bila kuongeza wala kupunguza, kwa sababu siku jaji atakapouliza, atataka tarehe.