Sita kwa Nne: Namba Zilizozaliwa Mbele ya Mashine

Guile, mwanajeshi wa Kimarekani, anarusha kombora la upepo kutoka upande mmoja wa skrini. Upande wa pili yuko Zangief, mpiga mieleka wa Kisovieti mwenye makovu mwili mzima, naye hana cha kurusha. Akiruka, teke la kupinduka linamngoja hewani. Akijikinga, kombora linamla uhai kidogo kidogo na hajasogea hata hatua. Akijizungusha kwa mikono, kombora linampita, lakini Guile ameshapata muda wa kuandaa jingine. Zangief anachotaka ni kufika tu. Akimtia Guile mikononi mara mbili tatu na kumbwaga kichwachini, raundi imekwisha. Tangu Street Fighter II ilipoingia kwenye kumbi za gemu mwaka 1991, watu wamekuwa wakiulizana: wachezaji wawili wenye uwezo sawa wakirudia pambano hili mara kumi, Zangief atashinda mara ngapi?

Gemu hiyo ya kampuni ya Capcom, kazi ya Akira Nishitani, Akira Yasuda na wenzao, ilikuwa na wahusika wanane wa kuchagua. Ukiwapanga wawili wawili unapata mapambano 28, kila moja na tabia yake. Katika toleo la kwanza, wachezaji wawili hawakuweza kumchagua mhusika yuleyule. Ruhusa hiyo ilikuja na toleo la Champion Edition mwaka 1992, ambalo pia liliwafungulia wachezaji wale maadui wakuu wanne waliokuwa wakiendeshwa na mashine peke yake. Mapambano ya wahusika tofauti yakafika 66. Ruhusa ya mhusika, tuseme Ryu, kukutana na Ryu mwingine inaonekana jambo dogo, nami naiona kubwa. Kabla yake hapakuwa na namna ya watu wawili kukutana wakiwa na silaha moja. Kila ushindi ulibeba ubishi: umenishinda wewe, au amenishinda Guile wako?

Nchini Japani ubishi huo ulikuwa na bei. Mashine mbili ziliunganishwa zikapeana migongo, kila mchezaji akakaa upande wake bila kumwona mwenzake usoni. Aliyeshinda alibaki kitini, aliyeshindwa akatumbukiza sarafu nyingine ya yeni 100 au akapisha foleni. Mtu akipoteza sarafu tano mfululizo kwa adui mmoja, lazima atake kujua kama kosa ni la mikono yake au la mhusika aliyemchagua.

Jibu lilipewa umbo na jarida la Gamest, lililochapishwa kuanzia 1986 hadi 1999 na kusomwa sana na watu wa kumbi hizo. Lilichapa majedwali ya wahusika wote: tafuta jina lako pembeni, la mpinzani juu, kisha soma namba pale yanapokutana. Tano kwa tano maana yake mizani imelala sawa. Sita kwa nne, mmoja ana nafuu. Saba kwa tatu, mwenzake ana kazi ngumu. Nane kwa mbili, afadhali abadilishe mhusika. Ukijumlisha mstari mzima unapata nguvu ya mhusika mbele ya wenzake wote, na hapo ndipo ilipopatikana orodha ya nani yuko juu na nani chini. Wajapani waliliita jedwali hili daiyaguramu, kwa mkato daiya, neno ambalo tayari walikuwa nalo kwa michoro ya ratiba za treni.

Namba hizo hazikuhesabiwa popote, zilikubaliwa. Zilitoka kwa wachezaji hodari, baadhi yao wakiwa waandishi wa jarida lenyewe, waliokaa wakapima makombora, masafa, kasi ya mateke na ukubwa wa madhara. Ndani yake kulikuwa na sharti ambalo mara nyingi halikuandikwa: wote wawili wawe mabingwa wa mhusika wao, na wote wawili walijue pambano hilo hadi mwisho. Ukiliondoa sharti hilo, namba haina maana. Anayeanza leo na Guile atabwagwa na Zangief wa mtaani mchana kutwa, na jedwali litabaki kuwa la kweli.

Tukae kidogo hapa, maana ndipo wengi wanapojikwaa. Chukua wachezaji wawili walio sawa kabisa, pambano la tano kwa tano. Wakicheza michezo kumi, matokeo ya tano kwa tano barabara yatatokea chini ya mara 25 katika kila 100. Mara nyingi zaidi mmoja atatoka mbele, na watazamaji wataondoka wakisema wameona nafuu ambayo haipo. Sasa chukua sita kwa nne ya kweli. Mashindanoni, ambako anayetangulia kushinda michezo mitatu ndiye anayepita, mwenye nafuu atapita takriban mara 68 katika 100. Pambano likiwa la kutangulia kushinda kumi, mtindo ambao Wajapani wanauheshimu sana, atapita zaidi ya mara 80. Mchezaji wa Kijapani Daigo Umehara alipomshinda mwenzake Tokido 10 kwa 5 mwezi Machi 2018, lililowavuta watu ni urefu wenyewe wa pambano. Bahati ina nafasi ndogo ya kujificha katika michezo 15. Kwa hiyo sita kwa nne ileile ni jambo jepesi katika seti fupi na mzigo katika seti ndefu.

Kuna mapambano ambayo hayakuhitaji jedwali. Super Street Fighter II Turbo ya mwaka 1994 ilimficha ndani yake Akuma, aliyeweza kuruka na kurusha makombora kutoka hewani kwenda chini. Wengi wa wahusika wengine hawakuwa na jibu lolote, na waandaaji wa mashindano nchini Marekani wakampiga marufuku. Nadhani walifanya sawa. Namba inapofika mahali ambapo upande mmoja hauna uamuzi wenye maana wa kufanya, kilichobaki si pambano tena.

Mfano unaotajwa kuliko yote wa kuzibeza namba ni wa California, Agosti 2004, kwenye mashindano ya Evo. Katika Street Fighter III: 3rd Strike, Justin Wong alikuwa na Chun-Li, mmoja wa wahusika wenye nguvu zaidi katika gemu hiyo, na Daigo Umehara alikuwa na Ken. Uhai wa Ken ulibaki uzi. Hata kujikinga kungemuua. Justin akaachia mkupuo wa mateke 15. Daigo akaupangua wote, teke baada ya teke, kila moja kwa kusukuma kijiti mbele kwa wakati wake hasa, kisha akajibu na kuimaliza raundi. Ukumbi ulilipuka, na video yake ingali inatazamwa. Lakini anayesema siku ile jedwali liliaibika hajalisoma vizuri. Sita kwa nne ina nne ndani yake. Isitoshe, Daigo hakutwaa ubingwa siku hiyo. Alishindwa fainali na Mjapani mwenzake, Kenji Obata.

Siku hizi seva zinahesabu. Street Fighter 6 ilitoka Juni 2023 ikiwa na wahusika 18, yaani mapambano 153 ya wahusika tofauti, na Capcom yenyewe huchapisha majedwali ya ushindi kutokana na michezo ya mtandaoni, kwa uwiano uleule wa kumi, safari hii na desimali. Mtu angedhani ubishi umekwisha. Sivyo, kwa sababu namba hizi zinafanana na za Gamest kwa sura tu. Mtandao humkutanisha mchezaji na mwenye pointi kama zake. Mwenye mhusika dhaifu hupoteza pointi kwa sababu ya udhaifu huo, hivyo ili asimame daraja moja na mwenye mhusika imara, lazima awe amemzidi kwa mikono na macho. Wakikutana, ustadi wa mmoja unafidia nguvu ya mhusika wa mwenzake, na namba inavutwa kuelekea tano. Gamest iliwapima wahusika ikidhani watu ni sawa. Seva inawapima watu na wahusika kwa pamoja, bila kututenganishia.

Ndiyo maana wachezaji hodari hawajaacha kujaza majedwali yao wenyewe, wengi sasa wakiandika jumlisha moja, sifuri au toa moja badala ya uwiano wa kumi. Wanapofika kwa Zangief na Guile, ambao wote wamo katika Street Fighter 6, wanarudi kulekule kwenye skrini ya 1991: kombora linakuja, mpiga mieleka yuko mbali, na kabla ya kuandika chochote wanaulizana ni hatua ngapi anazoweza kupiga kabla la pili halijatoka.