Boyi Aliyeandika Historia ya Mji

Kodi ndiyo iliyomtoa babu yangu Mitwaba. Serikali ya Wabelgiji ilidai franka, na franka hazikuota shambani, basi akashuka hadi Élisabethville, akaishia jikoni kwa Mzungu mmoja. Alipika, alifua, alilea watoto wa wenyewe, na jioni alirudi cité, mtaa wa Waafrika, kabla ya saa ambayo Mweusi hakuruhusiwa tena kuonekana katika mji wa Wazungu. Maboyi wa namna yake walikuwa wengi mno. Vitabu nilivyosomea vilimtaja mfalme Leopold wa Pili, vikaitaja kampuni ya migodi ya Union Minière iliyoundwa 1906 na mji ulioanzishwa 1910 kwa jina la malkia. Boyi hakuwamo.

Kwa sababu hiyo namheshimu sana André Yav. Mwaka 1965, Élisabethville ikiwa bado haijaitwa Lubumbashi, Yav alitoa kijitabu kilichopigwa kwa mashine ya kuandikia, kinachojulikana kwa Kiingereza kama Vocabulary of Elisabethville. Aliwaandikia watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kile cha soko na cha uani, si kile cha padri kanisani. Humo ndimo kazi ya maboyi inasimuliwa na watu walioifanya: mshahara, chakula, ukali wa mabwana, hata hofu ya batumbula, wale watu wa usiku waliosemekana kuwakamata Waafrika kwa ajili ya Wazungu. Msomi wa ofisini angeiondoa habari hiyo mapema. Yav aliiacha, na alifanya vema, kwa maana hofu ile ilikuwa sehemu ya maisha ya mji kama mshahara ulivyokuwa.

Maneno ya kijitabu hicho yameungana na kuachana kadiri mkono ulivyokwenda, na nukta hazifuati sheria yoyote ya shule. Ukikisoma kimyakimya utapotea. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipokitayarisha kitabu chake cha 1990 juu ya maandishi hayo, Kalundi Mango wa hapa Lubumbashi aliyasoma kwa sauti, na maana ikajitokeza. Nami huwa nasoma hivyo hivyo.

Wamarekani nao wana mwandishi wao jasiri, Henry David Thoreau. Julai 1846, huko Concord, Massachusetts, alilala gerezani usiku mmoja kwa kukataa kulipa kodi kwa serikali iliyoukubali utumwa, na 1849 akachapisha insha ya kueleza msimamo wake. Rafiki yake Emerson alikwisha kuandika, 1841, kwamba mtu aiamini nafsi yake hata umati ukimcheka. Nawapenda wote wawili. Lakini kwetu aliyekataa kodi alikutana na mnyororo na fimbo, na hapakuwa na mtu wa kumlipia ili atoke asubuhi, kama Thoreau alivyolipiwa. Tena Thoreau alisimama peke yake, akajisemea. Yav alitia jina lake, kisha akasema kwa niaba ya wenzake. Ninaona ujasiri wake uko hapo hasa: mtu mmoja kuthubutu kuwa kinywa cha wazee waliozoea kuitika tu, "Ndiyo, Bwana."

Mjini hapa alikuwako mwingine wa damu hiyo, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947. Wateja walitaka picha za ukumbusho wa sebuleni, naye aliwachorea, maana lazima mtu ale. Ila alijitambulisha kuwa mwanahistoria, na miaka ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi katika picha zipatazo mia moja. Alichora na Desemba 1941, askari walipowafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mshahara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika. Picha zile zilichapishwa katika kitabu 1996, ng'ambo. Nataka watoto wa Mitwaba wazione, na wasomewe Yav kwa sauti, kwa Kiswahili kile kile alichokiandika.