Msumeno wa Meza Busia na Malaba: Historia Fupi, na Upi Unafaa Pesa Yako

Leo naweka kando programu na hifadhidata, nizungumzie mashine nyingine kabisa: msumeno wa meza. Ni ile meza yenye msumeno wa duara unaochomoza katikati. Fundi anasukuma ubao, unapasuka mara mbili. Pita kwenye karakana za maseremala Busia au Malaba utausikia kabla hujauona.

Swali langu ni hili. Fundi wa mpakani akipata mkopo wa chama, anunue upi? Ule mwepesi wa kubebeka unaouzwa dukani ndani ya boksi, au ule mzito uliochomelewa na jirani yake wa jua kali? Wengi hujibu kwa kutaja jina la kampuni. Mimi naona tuanze na historia, kwa sababu kila mashine hubeba ndani yake mazingira ya mahali ilikobuniwa: umeme wa huko, mbao za huko, na fundi wa kuitengeneza wa huko. Ukiihamisha, mazingira hayahami nayo. Wenzangu wa programu wanalijua hilo vizuri: kitu kinakimbia sawa kwenye kompyuta yako, ukikipeleka kwa mteja kinakataa.

Msumeno usiokata nyuma

Wahenga wametuambia sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Walikuwa wanausema msumeno wa mkono. Kabla ya mashine, gogo liliwekwa juu ya shimo au jukwaa, mtu mmoja akasimama juu na mwingine chini akila vumbi, wakivuta kwa zamu. Kazi ilikuwa ya polepole, lakini hatari yake ilikuwa ndogo: ukichoka, unasimama.

Mwaka 1777 Samuel Miller wa Southampton, Uingereza, alipewa hataza iliyotaja msumeno wa duara. Huu hauendi mbele na nyuma, unazunguka upande mmoja tu. Kwenye meza, meno yaliyo upande wa fundi yanashuka, nayo ya upande wa mbali yanapanda. Ubao ukibana kwa nyuma, meno yanayopanda yanauinua na kuurusha kumwelekea fundi. Ndiyo maana mashine nzuri huwa na kibati chembamba nyuma ya bledi, kinachozuia ubao usijifunge. Kibati hicho ndicho kitu cha kwanza kutolewa karakana nyingi, eti kinasumbua. Tutakirudia.

Reli, kisha stima

Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901 kutoka Mombasa hadi Kisumu, na pamoja na vibarua walikuja maseremala na wahunzi kutoka Bara Hindi. Baadaye njia nyingine ilipitia Eldoret, Malaba na Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931. Kwa hiyo Malaba ni mji wa reli kabla ya kuwa mji wa malori.

Mashine za mbao za enzi hizo ziliendeshwa kwa mvuke au dizeli, nguvu ikipelekwa kwenye msumeno kwa mkanda. Kumbuka huo mkanda, maana haujaondoka mpaka leo.

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 laini kubwa kutoka Tororo ilianza kupeleka stima ya Uganda hadi Nairobi. Lakini laini kubwa inayopita juu ya kichwa haimfaidi fundi. Anachohitaji ni transfoma ndogo karibu na karakana yake, na hizo zilichelewa sana. Mradi wa Kenya wa kuwaunganisha wateja walio karibu na transfoma ulianza 2015 tu. Matokeo yake ni kwamba sehemu nyingi fundi yuko mwisho wa waya mrefu, anagawana transfoma moja na posho mill na mchomeleaji. Stima ipo, lakini nguvu yake inapanda na kushuka.

Mwaka 1972

Mwaka 1972 yalitokea mambo mawili yanayotuhusu. Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu ajira Kenya, iliyofanya ulimwengu uanze kuizungumzia sekta isiyo rasmi, yaani hawa tunaowaita jua kali. Na mwezi Agosti mwaka huohuo, Idi Amin aliwatangazia Waasia waondoke Uganda. Pamoja nao zikaondoka karakana, maduka ya vifaa, na watu waliojua kuagiza vipuri. Miaka iliyofuata bidhaa za viwandani zilivuka kwa magendo kutoka Kenya, na Busia ilikuwa mojawapo ya milango yake.

Somo ambalo mpaka ulijifunza ni rahisi. Mashine ambayo kipuri chake kinatoka mbali ni mashine ya kukopa; siku njia ikifungwa, unabaki na chuma. Hapo ndipo mashine ya jua kali ilipopata heshima yake.

Itazame vizuri. Fremu ni ya chuma cha pembe, imechomelewa. Juu kuna bamba la chuma. Chini kuna mota ya nguvu farasi 2 au 3, na mkanda unaozungusha shafti iliyokaa kwenye beringi mbili. Mara nyingi shafti hiyohiyo inabeba na randa pembeni. Hakuna hata kifaa kimoja ambacho huwezi kukipata mjini kwa jina la kawaida: mkanda una namba, beringi ina namba, kapasita ina namba. Mota ikiungua, inapelekwa kwa fundi wa kusuka mota, inarudi. Sisi wa kompyuta tungesema hii ni mashine huria: kila mtu anaruhusiwa kuifungua, na anaelewa anachokiona.

Mgeni mwepesi

Ule wa kubebeka una ukoo tofauti. Katika miaka ya 1920 huko Marekani Edmond Michel alibuni msumeno wa umeme wa kushika kwa mkono, na mwaka 1924 kampuni iliyokuja kuitwa Skil ikaanzishwa Chicago. Siri yake ilikuwa mota ndogo yenye kaboni, yaani vile vijiti viwili vinavyogusa rota. Mota hiyo huzunguka kwa kasi kubwa sana, gia zinaipunguza, na kwa uzito mdogo unapata nguvu nyingi. Baadaye makampuni yaliiweka mota ya aina hiyo chini ya meza ndogo ya alumini, mafundi wa mjengo wakapata msumeno wa meza wa kubeba.

Kwa vipimo vya soko la volti 230: DeWalt DW745 ina wati 1,850, bledi ya milimita 250, uzito kilo 22. Bosch GTS 10 J ina wati 1,800, bledi ya milimita 254, kama kilo 26. Makita MLT100 ina wati 1,500, bledi ya milimita 260, na ni nzito zaidi, kama kilo 34. Zipo pia za bei nafuu zenye majina kama Ingco na Total.

Kilo 22 zina maana kubwa katika mji uliolipatia ulimwengu neno bodaboda. Jina hilo lilizaliwa kwa baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka boda hadi boda, Busia, tangu miaka ya 1960. Mashine ya jua kali haipandi boda. Ya kubebeka inapanda, inafika mjengo asubuhi, na jioni inarudi kulala nyumbani. Dhidi ya wizi, hilo peke yake ni bima.

Sasa tulinganishe

*Stima.* Kenya na Uganda zote hutumia volti 240 na hezi 50, plagi ileile ya pini tatu za mraba. Mota ya jua kali, isiyo na kaboni, huchukia volti ndogo: nguvu yake ya kusokota hushuka kwa kipeo cha pili. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, inabaki na asilimia 69 tu. Inanguruma, inachemka, inaungua. Ya kubebeka hupunguza kasi lakini huendelea, na hukubali jenereta ndogo kwa urahisi zaidi, kwa sababu mota ya jua kali inapowaka huvuta mkondo mara tano au zaidi ya kawaida.

Waya wa kuongezea pia ni mwizi. Kwa mashine ya wati 1,850, mita 50 za waya mwembamba wa milimita mraba 0.75 hula takriban volti 20. Waya wa 2.5 hula kama 6 hivi. Nunua waya mnene kabla hujalaumu mashine.

Angalizo kuhusu mitumba: plagi ya njano ya duara kutoka Uingereza ni ya volti 110, bila transfoma yake usiiguse. Ya Marekani ni volti 120. Ukiichomeka ukutani kwetu unapata moshi.

*Mbao.* Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, na ni Julai 2023 Rais Ruto alipotangaza kuondoa marufuku hiyo. Katika miaka hiyo mbao za Uganda na za Kongo zinazopita Busia na Malaba zilizidi kuwa muhimu, na humo mna mahogani na mvule. Hapa jua kali inashinda. Wati 1,850 za kwenye boksi ni umeme unaoingia, wakati nguvu farasi 3 za mota ya kawaida ni kazi inayotoka, kama wati 2,200, na inaweza kuitoa kutwa. Ukiilazimisha, mkanda unateleza na mota inapona. Ukiilazimisha ya kubebeka, kinachoumia ni koili.

*Unyoofu.* Ya kubebeka inashinda. Kile chuma cha pembeni kinachoongoza mbao, kwenye DeWalt, husogea kwa gia pande zote mbili na kubaki sambamba na bledi. Kwenye meza ya jua kali mara nyingi ni kipande cha mbao na klampu, na kila kipimo ni bahati ya jicho.

*Vipuri.* Kaboni ni rahisi, ila hakikisha unapata za saizi yako. Shida ni swichi, gia na rota. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji akuonyeshe rota ya mashine hiyo, sio picha yake. Na ukinunua upande wa pili, uliza kama dhamana inavuka mpaka. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, kimeharakisha kuvuka, lakini ile hati rahisi ya wafanyabiashara wadogo, ya mizigo isiyozidi dola 2,000, ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Msumeno uliotengenezwa China hauwi wa Uganda kwa kulala usiku mmoja dukani.

*Thamani.* Gawanya bei kwa miaka, usiitazame peke yake. Kwa mfano tu: mashine ya shilingi 20,000 inayokufa baada ya mwaka mmoja bila kipuri inakugharimu 20,000 kwa mwaka. Ya 80,000 inayobadilishwa kaboni na kudumu miaka sita inakugharimu kama 13,000. Lakini hesabu hii inasimama tu kama rota na gia zinapatikana. Bila hivyo, ya 80,000 ni hasara kubwa zaidi.

Vidole havina kipuri

Marekani, nchi yenye mashine mpya na sheria nyingi, hukadiria majeraha ya bledi za msumeno wa meza yapata 30,000 kila mwaka. Mwaka 1999 Steve Gass, mwanasheria mwenye shahada ya fizikia, alibuni mfumo wa SawStop unaohisi ngozi ikigusa bledi na kuisimamisha ndani ya milisekunde chache. Mashine za kwanza ziliuzwa 2004, na ya kubebeka ikaja 2015. Ni kazi nzuri sana, lakini kila inapofanya kazi inaua kibweta cha breki na mara nyingi bledi, na vyote viwili ni vya kuagiza.

Kwa fundi wetu kinga ya bei nafuu imekuwepo siku zote: kile kibati cha nyuma, kifuniko cha bledi, na kijiti cha kusukumia. Za kubebeka huja navyo ndani ya boksi. Meza nyingi za jua kali hazinavyo, ingawa aliyechomelea fremu hashindwi kuchomelea kibati. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zifunikwe. Na ile tabia ya kugeuza msumeno wa mkono kichwa chini na kuufunga chini ya meza, swichi ikiwa imefungwa kwa waya, iacheni jamani. Ubao ukirushwa, utakuwa unatafuta swichi kwa kupapasa.

Uamuzi wangu

1. Una karakana ya kudumu, unapasua mbao ngumu kutwa: nunua ya jua kali, lakini agiza na kibati cha nyuma, kifuniko, na kiongozi kilichonyooka. Lipa zaidi kwa hayo.

2. Unafuata kazi mjengo, unakata mbao laini na plaiwudi: nunua ya kubebeka, ya kampuni ambayo rota yake umeiona kwa macho Busia, Malaba, au angalau Bungoma na Kisumu.

3. Huwezi kupata rota, na huhitaji kuhama: hata ikiwa imepunguzwa bei, iache dukani.

Tangu enzi ya mkanda wa dizeli hadi leo, mashine zilizodumu hapa ni zile ambazo fundi wa karibu aliweza kuzifungua na kuzifunga tena. Vipimo vya kwenye boksi visomeni, lakini visomeni baada ya kumuuliza fundi wa kusuka mota. Anajua ni zipi zinazorudi kwake, na ni zipi ambazo hawezi kuzitengeneza.