Bloki ya injini ya Subaru: Vipimo kwanza, nguvu baadaye

GARI la kasi linapokufa injini karibu na Voi, mwenyewe hukabiliwa na uamuzi mmoja ulio mzito kuliko mingine yote: atafute bloki ya aina gani ili injini hiyo iundwe upya?

Aghalabu uamuzi huo hufanywa kwa pupa. Gari limepandishwa juu ya mawe katika gereji, fundi anasubiri, naye muuzaji wa spea aliyeko Mombasa au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi anasema imebaki moja tu. Pesa zinatumwa, bloki inapakiwa katika basi la usiku, na asubuhi inafika Voi ikiwa imeoshwa ikang'ara.

Miezi michache baadaye injini hiyo hufunguliwa tena. Lawama humwangukia fundi, ilhali kosa lilitendeka kabla hajashika spana: bloki ilinunuliwa bila kupimwa.

Makala haya yanaeleza mambo ya kuzingatia kabla ya kulipa. Mfano wetu ni injini za Subaru za ukoo wa EJ, zilizoanza kutumiwa katika Legacy mwaka 1989 na ambazo zimo katika Impreza na Forester nyingi za turbo zinazoonekana katika barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa.

Bloki ni nini?

Bloki ndiyo kiwiliwili cha injini. Ndani yake mna silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka, makalio ya beringi zinazobeba krenki, pamoja na mifereji ya oili na maji. Takriban kila kitu kingine katika injini chaweza kubadilishwa kikifungwa juu yake au ndani yake. Bloki ikiwa na kasoro, kasoro hiyo huhamia kwa vyote.

Katika EJ, silinda nne hulala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto. Bloki yenyewe ni vipande viwili vya aluminiamu vinavyokutana katikati na kuibana krenki.

Vipande hivyo hukerezwa vikiwa vimefungwa pamoja kiwandani, hivyo ni pacha. Muuzaji akijitolea kuunganisha nusu ya bloki moja na nusu ya nyingine, mnunuzi na aondoke. Mstari wa beringi hautanyooka, na krenki haitadumu.

Bloki huuzwa kwa namna tatu: ikiwa tupu, ikiwa na krenki na pistoni zake, au ikiwa sehemu ya injini kamili ya mtumba kutoka Japani. Ya tatu ndiyo huvutia wengi kwa kuwa hufungwa upesi. Hata hivyo, ndiyo pia inayoficha mengi, maana hakuna kinachoonekana mpaka ifunguliwe.

Chuma au aluminiamu?

Gumzo la vijiweni hudai kuwa bloki ya chuma cha kusubu, kama ile ya injini ya 4G63 ya Mitsubishi Lancer Evolution ya kwanza hadi ya tisa, hushinda ya aluminiamu kwa vyovyote. Chuma ni kizito na hustahimili shinikizo kubwa. Aluminiamu ni nyepesi na hupitisha joto upesi, lakini hupinda kwa urahisi injini ikichemka.

Historia ya Safari Rally haikubaliani na hukumu hiyo ya mkato. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953, na katika miongo yake ya kwanza magari yalipita vilima vya Taita yakienda na kurudi pwani.

Kati ya mwaka 1996 na 2001, Mitsubishi ilishinda Safari mara tatu, kupitia Tommi Mäkinen mwaka 1996 na 2001, na Richard Burns mwaka 1998. Subaru ilishinda mara mbili, kupitia Colin McRae mwaka 1997 na Burns mwaka 2000. Bloki ya chuma na bloki ya aluminiamu zilipokezana ushindi katika vumbi lile lile.

Mfano mwingine ni wa 1984 hadi 1986. Miaka hiyo mitatu mfululizo Toyota Celica Twincam Turbo, gari lililosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, lilishinda Safari mbele ya wapinzani waliokuwa na magari ya kisasa zaidi. Björn Waldegård alishinda mara mbili, naye Juha Kankkunen mara moja. Nchini Kenya, gari linalofika huthaminiwa kuliko linaloongoza kilomita mia za kwanza.

Tazama uso wa juu

Silinda hedi ikiondolewa, uso wa juu wa bloki ya EJ huonyesha jinsi silinda zilivyoshikiliwa. Kuna aina tatu.

Ya kwanza ni ya wazi. Maji huizunguka silinda yote hadi juu, nayo husimama kama nguzo isiyoshikwa kileleni. Hupoa vizuri, ila shinikizo la turbo likiongezwa mno, silinda huweza kutikisika na kuilegeza gasketi. EJ205 iliyofungwa katika Impreza WRX ni ya aina hii.

Ya pili ni ya nusu wazi, ambapo kuna vidaraja vinavyoishika silinda katika sehemu kadhaa. EJ207 ya Impreza STI za miaka ya 2000 na EJ257 ya lita 2.5 ni za kundi hili.

Ya tatu ni iliyofungwa, ambayo uso wake ni mzima isipokuwa matundu ya kupitisha maji. Ilipatikana katika EJ20G za mwanzo. Ndiyo imara zaidi, lakini zilizosalia ni za miaka ya tisini, na uzee una gharama zake.

Maadamu tofauti hizi hazionekani injini ikiwa imefungwa, mnunuzi asitegemee maandishi ya kalamu yaliyoandikwa juu yake. Adai kuuona uso huo kwa macho au kwa picha ya bloki yenyewe, nambari yake ikionekana.

Lita 2.0 au lita 2.5?

Silinda za EJ20 zina kipenyo cha milimita 92, na pistoni husafiri milimita 75. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,994. EJ25 ina kipenyo cha milimita 99.5 na mwendo wa milimita 79, hivyo ujazo hufika 2,457.

Ukubwa huo huipa EJ25 nguvu za mapema, na dereva huhisi gari likiitika bila kungoja turbo. Hata hivyo, silinda zilipanuliwa kwa milimita 7.5 bila bloki kurefushwa, kwa hivyo kilichopungua ni nyama ya chuma kati ya silinda moja na jirani yake. Pistoni za kiwandani za EJ257 zinajulikana pia kwa kuvunjika kingo zinazoshikilia ringi, mchanganyiko wa petroli na hewa unapolipuka kabla ya wakati wake.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwetu kuliko Japani. Injini za turbo za soko la huko ziliundwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida oktani zake ni 98 hadi 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Ongeza hewa yenye nyuzijoto zaidi ya 30 inayoingia katika turbo adhuhuri ya Februari pale Voi, na mlipuko wa mapema unakuwa jambo la kutarajiwa.

Kwa gari litakalotumika Taita Taveta, basi, bloki ya lita 2.0 ya nusu wazi iliyo katika hali nzuri ni chaguo la busara kuliko ya lita 2.5 iliyonunuliwa kwa ajili ya sifa. Anayeshikilia lita 2.5 abadilishe pistoni, aweke zilizofuliwa, na aandae upya programu ya kompyuta ya injini kulingana na petroli atakayoipata.

Mazingira ya Taita Taveta

Voi iko katika uwanda wenye joto, ilhali kilele cha Vuria kina kimo cha mita 2,208. Gari linalotoka Mwatate kupanda Wundanyi hufanya kazi nzito kwa mwendo mdogo, yaani injini hutoa joto jingi huku upepo unaopita katika rejeta ukiwa haba. Rejeta iliyoziba nusu, ambayo haikuonyesha dalili yoyote katika tambarare ya Maungu, hufichuka katika kona hizo.

Adui wa pili ni vumbi jekundu. Nje ya lami, upande wa Kasighau kwa mfano, kichujio cha hewa kilichotoboka au mpira wa bomba uliopasuka huruhusu vumbi kuingia katika silinda na kuzisugua kama msasa. Bloki mpya ikifungwa bila kuziba upenyo huo, itakwenda njia ya ile iliyoitangulia.

Adui wa tatu ni maji. Maji ya visima katika sehemu nyingi za nyanda za chini yana chumvi, nayo chumvi hula aluminiamu. Mfumo wa kupoza injini utiwe dawa yake iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa. Mnunuzi wa bloki ya mtumba pia achunguze mifereji ya maji. Kingo zilizolika karibu na kiti cha gasketi ni sababu tosha ya kuikataa.

Vipimo kabla ya kulipa

Bloki ipelekwe katika karakana yenye vifaa vya kupimia kabla ya malipo ya mwisho, au iuzwe kwa makubaliano ya maandishi kwamba itarudishwa ikishindwa vipimo. Kwa mkazi wa Voi, hii huenda ikamaanisha safari ya takriban kilomita 160 hadi Mombasa. Gharama ya safari hiyo ni ndogo kuliko ya kuifungua injini mara ya pili.

Kwanza, kila silinda ipimwe juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokingamana. Hapo itabainika kama imepanuka juu kuliko chini au imepoteza umviringo. Subaru hutengeneza pistoni zilizozidi saizi ya kawaida kwa milimita 0.25 na 0.50. Silinda inayohitaji kukerezwa kupita hapo haifai tena kwa ujenzi wa kawaida.

Pili, uso wa gasketi upimwe kwa rula ya fundi. Mkengeuko unaoruhusiwa ni wa sehemu chache tu za mia za milimita, chini ya unene wa unywele.

Tatu, bloki ijaribiwe kwa shinikizo ili kugundua nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa bloki ya aluminiamu kati ya silinda na njia ya maji mara nyingi hauzibiki. Bloki ya aina hiyo ni vyuma chakavu.

Nne, silinda zikikerezwa, bamba zito la chuma lifungwe juu ya bloki kwa nguvu ile ile ya boliti za silinda hedi. Aluminiamu hubadilika umbo boliti zinapokazwa, na silinda iliyo duara mezani huenda isiwe duara ikishafungwa.

Tano, krenki ilingane na bloki. Katika EJ za awali, beringi inayoizuia krenki kusogea mbele na nyuma ilikuwa ya tatu. Baadaye ilihamishiwa ya tano. Krenki ya kizazi kimoja haikai katika bloki ya kingine, hata kama zote mbili zaitwa EJ20.

Usirithishe uchafu

Iwapo injini ya zamani ilikufa kwa kusagika beringi, vipande vya chuma vilisafiri na oili hadi katika kipoza-oili, bomba za turbo na turbo yenyewe. Kipoza-oili cha aina hiyo hakisafishiki kwa uhakika, na sharti kibadilishwe. Vivyo hivyo turbo ifunguliwe na bomba zake zibadilishwe. Bloki nyingi nzuri huuawa katika siku za mwanzo kwa mabaki ya injini iliyozikwa.

Nambari ya injini na sheria

Nambari ya injini ya EJ imegongwa juu ya bloki, karibu na mahali inapoungana na gia. Kwa hivyo, anayebadilisha bloki amebadilisha injini machoni pa sheria, hata kama silinda hedi na turbo ni zile zile.

Nambari hiyo imo katika cheti cha umiliki wa gari, maarufu logibuku, pamoja na ujazo wa injini. Mabadiliko ni lazima yawasilishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA). Mnunuzi ahifadhi stakabadhi ya ununuzi na, kwa injini iliyoagizwa kutoka nje, nakala ya nyaraka za forodha. Bima nayo ijulishwe.

Bloki iliyokwanguliwa nambari isinunuliwe kwa bei yoyote. Huenda ilitoka katika gari la wizi, na mwenye kuifunga ndiye atakayejieleza kituoni.

Hazina inayopungua

Subaru iliacha kuunda EJ20 mwaka 2020, na STI ya mwisho yenye EJ25 ilikuwa ya modeli ya 2021. Maana yake ni kwamba bloki zitakazofika bandarini Mombasa kuanzia sasa zitazidi kuwa kuukuu mwaka baada ya mwaka, na nzuri zitazidi kuadimika.

Kwa sababu hiyo, mwenye gari asiitupe haraka bloki yake ya asili. Ikiwa haina ufa na silinda zake bado ziko ndani ya milimita 0.50, huenda ndiyo bora kuliko zote atakazooneshwa: historia yake inajulikana, nambari yake imo katika logibuku, na haihitaji kusafirishwa. Ipimwe kwanza. Ikishindwa vipimo, hapo ndipo simu ya muuzaji ipigwe.