Bogonvilia na dada aliyenyimwa jina

Kama umekaa Nairobi hata wiki moja, umepita bogonvilia. Iko kwa geti la shule, kwa ukuta wa kanisa, kwa ploti ya shosho wako. Tumeizoea hadi tunadhani ni yetu. Si yetu. Asili yake ni Amerika Kusini, na hadithi ya jina lake hunikasirisha kila nikiikumbuka.

Mwaka 1767 meli mbili za Wafaransa zilitia nanga Rio de Janeiro, Brazil. Kiongozi wa msafara alikuwa Louis-Antoine de Bougainville. Kati ya abiria kulikuwa na mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, na msaidizi wake, kijana fulani aliyejiita Jean. Kumbe huyo "Jean" alikuwa mwanamke, Jeanne Baret. Sheria ya jeshi la majini la Ufaransa ilikataza wanawake melini, kwa hivyo alivaa nguo za kiume na kunyamaza.

Commerson alikuwa anasumbuliwa na kidonda mguuni. Kazi ngumu ya kupanda milima na kubeba mizigo ya mimea ilimwangukia Baret. Ndiyo maana kuna wanahistoria wanaoona kwamba huenda yeye ndiye aliyeikata bogonvilia ile ya kwanza kuandikwa na wasomi wa Ulaya. Lakini ua likapewa jina la nani? La bosi wa meli. Enyewe!

Siri ya Baret ilifichuka 1768, wakiwa Pasifiki. Commerson alifia Mauritius mwaka 1773, na Baret akarudi Ufaransa baadaye, akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Mwaka 1785 serikali ilimpa pensheni. Lakini jina lake kukaa kwenye mmea kulingoja hadi 2012, wasomi walipouita mmea mmoja Solanum baretiae. Huo ni ndugu wa nyanya na viazi.

Sasa angalia vile bogonvilia husambaa huku kwetu. Hakuna anayenunua mbegu. Unaomba jirani tawi lililokomaa, nene kama penseli, refu kama kiganja na vidole vyake. Unatoa majani, unafukia vifundo viwili hivi kwa udongo usiotuamisha maji, unaweka kivulini. Usimwagie maji kama unaosha gari, litaoza. Kisha unangoja wiki kadhaa bila kulichomoa kila siku kuangalia mizizi.

Tawi likishika, ulichonacho si mtoto wa mmea wa jirani. Ni mmea uleule, rangi ileile, umeendelea kuishi kwako. Ile ya jirani nayo ilitoka kwa mtu mwingine, ikatoka kwa mwingine tena. Ukifuata huo mnyororo mtaani kwetu, wengi utakaowakuta ni akina mama, wenye kisu cha jikoni na mkebe wa rangi uliotobolewa chini. Hakuna aliyewaandika popote.

Maoni yangu ni haya: historia haipotei kwa sababu ni ya zamani. Inapotea kwa sababu hatukuuliza. Wikendi hii, kabla ya kukata tawi, muulize shosho, "Hii ulipewa na nani?" Akikutajia jina, liandike.